Nani Analipia Maili za Kwanza?

Katika miji ya Marekani walikohamia wazungumzaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, kazi ya lori imejijengea sifa ya pekee. Mtu aliyefika na familia yake kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma huanzia kiwandani au ghalani, akikata nyama au kufunga mizigo zamu ya usiku. Haupiti muda mrefu kabla hajasikia mambo matatu: kwamba shule ya malori ni ya wiki nne tu, kwamba mwenye leseni hakosi kazi, na kwamba zipo kampuni zitakazomlipia karo. Yote matatu yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanapotosha. Shule hiyo, kwa jinsi ilivyopangwa na sheria na biashara, inamwandaa mwanafunzi kufaulu mtihani. Udereva wenyewe hufundishwa baadaye, barabarani, mzigo wa watu ukiwa nyuma, na gharama ya mafunzo hayo ya pili huangukia zaidi mabega ya mgeni kuliko ya kampuni, ya wenye mizigo au ya serikali. Anayelijua hilo mapema atachagua shule kwa vigezo tofauti kabisa na vinavyotajwa kwenye matangazo.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayoamua shule ifundishe nini. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoweka leseni maalumu ya magari ya biashara, na tangu tarehe 1 Aprili 1992 haruhusiwi mtu kuendesha lori kubwa bila hiyo. Madereva huiita CDL. Daraja A, linalohusu vichwa vinavyovuta matrela, huanzia uzito wa pauni 26,001, karibu tani 11.8, endapo trela peke yake linazidi pauni 10,000. Mwanafunzi hupimwa afya na mkojo, hufanya mtihani wa maandishi, hupewa leseni ya kujifunzia, husubiri angalau siku 14, kisha huingia mtihani wa vitendo wenye sehemu tatu: kulikagua gari kabla ya safari huku akieleza kila anachokigusa, kulimudu uwanjani, hasa kwa kurudi nyuma, na kuliendesha mjini na barabara kuu. Mwenye miaka 18 anaweza kuendesha ndani ya jimbo lake. Kuvuka mpaka wa jimbo kwa kawaida kunataka miaka 21. Bangi, hata katika majimbo yaliyoihalalisha, bado inamfungia dereva milango, na tangu Januari 2020 anayekutwa nayo kwenye kipimo cha kazi huingizwa katika kumbukumbu za serikali ambazo kila mwajiri analazimika kuzitazama kabla ya kuajiri.

Swali ambalo sheria ya 1986 haikulijibu ni la msingi kuliko yote: mtu afundishwe kwa muda gani kabla ya kufika mbele ya msimamizi wa mtihani? Historia ya jibu lake inafaa kusimuliwa kwa kituo, maana humo ndimo tatizo lilimozaliwa. Mwaka 1985 idara ya barabara kuu ya shirikisho ilitoa mtaala wa mfano uliopendekeza saa 320 za mafunzo kwa dereva wa lori lenye trela. Yalikuwa mapendekezo tu. Mwaka 1991 Bunge likaiagiza serikali ilishughulikie suala la mafunzo ya madereva wapya, na kanuni iliyopatikana hatimaye mwaka 2004 ilidai mada nne, yaani sifa za kisheria za dereva, saa za kazi, afya, na ulinzi wa anayefichua maovu ya mwajiri, zilizokadiriwa kuchukua saa kama 10. Dakika ya kukaa kwenye usukani haikuwemo hata moja. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya Washington iliirudisha kanuni hiyo, ikiona kwamba serikali ilikuwa imezipa kisogo tafiti zake yenyewe. Bunge likaagiza tena mwaka 2012. Kamati ya wadau ikakaa mwaka 2015, na Machi 2016 likatoka pendekezo la angalau saa 30 kwenye usukani kwa Daraja A. Desemba mwaka huohuo, katika kanuni ya mwisho, zile saa 30 zilikuwa zimefutwa. Kanuni hiyo ilipangwa kuanza Februari 2020, ikaahirishwa, ikaanza tarehe 7 Februari 2022. Kwa hiyo kutoka agizo la kwanza la Bunge hadi utekelezaji ilipita zaidi ya miaka 30, na katika safari hiyo saa 320 zilishuka zikawa 10, zikapanda kuwa 30, zikaishia kuwa hazitajwi.

Kinachodaiwa leo ni kwamba mwanafunzi apate asilimia 80 katika nadharia, na kwa upande wa vitendo aendelee mpaka mkufunzi aridhike kwamba ameweza. Inaonekana ni busara, hadi uulize mkufunzi huyo analipwa na nani. Analipwa na shule, na shule hupata faida kadiri wanafunzi wanavyomaliza upesi na kupisha wengine. Shule nyingi hutangaza wiki tatu au nne, saa 160 hivi kwa jumla. Tuchukue mfano wa kukisia: siku 15 za uwanjani na barabarani, saa nane kwa siku, ni saa 120. Wanafunzi wanne wakitumia lori moja kwa zamu, kila mmoja atapata saa 30 kwenye usukani na saa 90 za kusimama kando akiwatazama wenzake. Kutazama nako kunafundisha, sikatai. Anayemwona mwenzake akikunja trela vibaya atajifunza jambo. Lakini kurudi nyuma na trela, ambalo huenda upande wa pili wa unakogeuzia usukani, ni kazi ya mikono na macho, na mikono haijifunzi kwa kutazama.

Usimamizi nao umejaa matundu. Ili kuingia katika orodha ya serikali ya watoa mafunzo, shule hujaza fomu na kuthibitisha yenyewe kwamba imetimiza masharti. Desemba 2025 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilitangaza kwamba inawaondoa karibu watoa mafunzo 3,000 kwenye orodha hiyo na kuwapa onyo wengine wapatao 4,500. Idadi hiyo inaeleza mengi kuhusu wakaguzi kuliko inavyoeleza kuhusu shule, kwani walioondolewa walikuwemo orodhani muda wote huo. Kuna jingine dogo ambalo mgeni hulijua amechelewa: shule nyingi siku hizi zina malori ya gia za kujiendesha zenyewe, na anayefanya mtihani kwa gari la namna hiyo hupata leseni yenye herufi E, alama ya kumzuia kuendesha lori la klachi. Kwa Mtanzania, ambaye kwao daraja E ndilo la magari makubwa mazito, ni mzaha wa aina yake.

Waliozifuta saa 30 wana utetezi wao, na unastahili kusikilizwa. Walisema hapakuwa na takwimu za kutosha kuonyesha kwamba dereva aliyefundishwa saa nyingi anapata ajali chache, na kwamba watu hawalingani: mmoja huiva kwa saa 20, mwingine hata saa 60 hazimtoshi. Sehemu ya pili ya hoja ni sahihi, ila inatetea jambo jingine. Kiwango cha chini hakimzuii mwepesi wala hakimharakishi mzito. Kazi yake ni kuizuia shule isimpeleke mtu mtihani akiwa amegusa usukani kwa saa tano. Ama sehemu ya kwanza, takwimu hazikuwepo kwa sababu hakuna aliyetakiwa kuziandika. Kanuni ya 2022 angalau inawalazimu watoa mafunzo kuripoti kila mwanafunzi alitumia saa ngapi kwenye vitendo, kwa hiyo kisingizio hicho kinazeeka. Ulaya, kwa upande wake, haikungoja. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 yaliweka mafunzo ya saa 280 kwa dereva mpya wa kitaaluma, au 140 kwa njia ya haraka, na saa 35 za kurejea darasani kila baada ya miaka mitano. Mtu anaweza kusema hizo ni nyingi mno na zinawafungia maskini nje. Huenda. Lakini asiseme haziwezekani.

Sasa tufike mahali ambapo udereva unafundishwa kweli. Mwenye leseni mpya hana kampuni nyingi za kuchagua. Kampuni ndogo, zenye malori kumi au ishirini, mara nyingi hubanwa na bima zinazotaka dereva mwenye mwaka mmoja au miwili ya uzoefu unaothibitika. Zinabaki kampuni kubwa za masafa marefu, zenye mtaji wa kubeba hatari ya wageni. Huko mgeni hupangwa na dereva mkufunzi kwa wiki kadhaa, wakiishi wawili ndani ya kichwa kimoja chenye vitanda viwili vya kupandana. Hapo ndipo anapojifunza kupanga safari, kuipima mizigo, kuingia kwenye maghala yaliyojengwa enzi za malori mafupi, kuteremka mlima bila kuchoma breki, na kuendesha juu ya barafu, kitu ambacho mtu wa Uvira au Kigoma hajawahi kukanyaga hata kwa mguu. Mtaala wa shule unaitaja barafu, giza na miteremko, ila mtu aliyesoma Texas mwezi wa Julai atamaliza bila kukutana na barafu.

Shule hii ya pili ina kasoro ya kuzaliwa nayo: ni biashara na mafunzo kwa wakati mmoja, na biashara ndiyo yenye sauti. Sheria inamruhusu dereva kuendesha saa 11 ndani ya kipindi cha saa 14 baada ya kupumzika saa 10. Lori lenye watu wawili wanaopokezana halihitaji kusimama. Mkufunzi akilala kitandani huku mwanafunzi akikata maili usiku, kampuni imepata madereva wawili kwa bei ya mmoja na nusu, na mwanafunzi amepata mwalimu aliye usingizini. Zipo kampuni zinazomfanya mtu mkufunzi kabla hajatimiza mwaka mmoja kazini, na zipo zinazomlipa mkufunzi kwa maili zote za lori, zikiwemo zile alizoendesha mwanafunzi. Ukimlipa mtu hivyo, usishangae akiona kila saa ya kufundisha kurudi nyuma kuwa ni hasara. Wanawake wana mtihani wao wa ziada, kwani wiki nyingi ndani ya kibanda kimoja na mwanaume wasiyemjua si jambo la kila mtu. Na kampuni moja ilipojaribu kuwapangia wakufunzi wa kike pekee, mahakama ya shirikisho huko Missouri iliamua mwaka 2014 kwamba huo nao ni ubaguzi, kwa kuwa wakufunzi wa kike walikuwa wachache na wanawake waliishia kungoja kwa miezi wakati wanaume wakiingia kazini.

Ile ahadi ya karo ya bure ndiyo inayofunga mduara. Karo ya shule binafsi kwa kawaida ni dola elfu kadhaa, kuanzia 3,000 na wakati mwingine hadi karibu 10,000. Kampuni humwambia mgeni: njoo usome kwetu, ufanye kazi kwetu mwaka mmoja, hutadaiwa. Akiondoka kabla ya mwaka, karo yote au sehemu yake inageuka deni, na deni hilo linaweza kukatwa kwenye mshahara wake wa mwisho au kupelekwa kwa wakusanya madeni. Shauri la New Prime dhidi ya Oliveira, lililoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani Januari 2019, lilianzia hapohapo. Dominic Oliveira alidai kwamba aliendesha maelfu ya maili kama mwanagenzi bila mshahara, akipewa posho ya chakula ya dola 200 kwa wiki ambayo nayo ilikuwa mkopo, kisha maelfu mengine kwa senti 14 kwa maili. Mahakama haikuamua kama alidhulumiwa mshahara. Iliamua kwamba madereva wa namna yake, hata wakiitwa wakandarasi huru, hawawezi kulazimishwa na sheria ya shirikisho ya usuluhishi kupeleka malalamiko yao faraghani. Majaji wote walioshiriki walikubaliana, na baadaye shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 28.

Hapa wenye kampuni wana hoja yenye uzito kuliko zote, na wanaotetea madereva hupenda kuiruka. Kumfundisha mtu ni gharama halisi: lori linakaa uwanjani bila kubeba kitu, mkufunzi analipwa, milango na taa zinagongwa. Mgeni asiye na akiba wala historia ya mkopo hawezi kupata dola 5,000 benki. Kampuni ikimpa mafunzo kisha mshindani akamnyakua mwezi wa pili, haitamfundisha mwingine. Wachumi Mitchell Hoffman na Stephen Burks walichunguza kampuni kubwa iliyoanza kutumia mikataba hii, wakakuta kwamba mikataba ilipunguza kweli watu kuacha kazi na kuifanya kampuni ione faida ya kufundisha. Nakubali. Mkataba wa mafunzo si uovu kwa asili yake. Uovu unaanzia kwenye hali ya kwamba upande unaoamua dereva apate maili ngapi kwa wiki ndio huohuo unaomdai. Dereva anayelipwa kwa maili akipewa maili chache hawezi kuishi, na hawezi kuondoka. Deni la haki lingepungua kila mwezi aliofanya kazi, na lingefutika endapo kampuni yenyewe imeshindwa kumpa kazi iliyomwahidi.

Hoffman na Burks waligundua jambo jingine linalomhusu mgeni moja kwa moja. Madereva wapya walipoulizwa kila wiki watakwenda maili ngapi wiki ijayo, walikuwa wakitaja nyingi kuliko walizoishia kwenda, na makosa hayo yalichukua muda mrefu kusahihika. Matumaini hayo huwabakiza kazini, jambo linaloifaa kampuni. Kwa hiyo anayesema kwamba hakuna aliyemlazimisha mtu kutia sahihi anasema kweli, lakini aliyetia sahihi alikuwa akipigia hesabu kipato ambacho wenzake wengi hawakukifikia. Pamoja na mikataba yote, kwenye kampuni kubwa za mzigo mzima kati ya 1995 na 2017 kiwango cha madereva kuacha kazi kilikuwa wastani wa asilimia 94 kwa mwaka. Hapa ndipo wimbo wa uhaba wa madereva unapopoteza utamu. Chama cha wenye malori cha Marekani kilisema mwaka 2021 kwamba madereva 80,000 wanahitajika. Miaka miwili kabla, Burks na Kristen Monaco walikuwa wameandika katika jarida la idara ya takwimu za kazi kwamba soko la madereva linafanya kazi kama masoko mengine, na kwamba mshahara ukipanda watu hujitokeza. Kazi za masafa marefu hazikauki, kweli, kwa sababu waliozichukua jana wanazikimbia leo, na shule inalishwa na kukimbia huko. Mzizi wake ni wa zamani. Sheria ya ujira ya 1938 iliwaacha madereva hao nje ya malipo ya saa za ziada, na kulegezwa kwa udhibiti wa usafirishaji mwaka 1980 kulivunja uwezo wa vyama vya wafanyakazi katika sehemu hii ya biashara. Saa anazosubiri dereva getini mwa ghala mara nyingi hazilipwi, au hulipwa kidogo, na mgeni ndiye anayepoteza saa nyingi zaidi, kwa kuwa bado anahangaika kulipanga trela mlangoni.

Wapo watakaosema kwamba sisi wa Afrika Mashariki tunayo njia bora: utingo. Kijana hupanda lori la Tunduma au la Malaba akiwa hajui kitu, anafunga maturubali, anabadilisha matairi, anapiga grisi, analala chini ya trela kulinda mafuta yasinyonywe, na baada ya miaka dereva anamwachia usukani kwenye tambarare. Akipata leseni, lori analijua kwa sauti yake. Njia hiyo ina ubora ambao wiki nne haziwezi kuufikia. Utingo wa miaka mitatu anajua breki za upepo zinavyolalamika kabla hazijafa. Lakini naye analipia maili za kwanza, tena kwa ujana wake na kwa posho isiyoandikwa popote, na elimu yake haina kipimo zaidi ya tabia ya dereva aliyemkuta. Akimkuta mwenye kutoa gia kwenye mteremko wa Kitonga ili abane mafuta, hiyo ndiyo elimu atakayorithi, na ataipitisha kwa utingo wake mwenyewe. Na anaposhika usukani bila leseni, anafanya hivyo akivuta tani ambazo katika sehemu kubwa ya Marekani hazionekani barabarani bila kibali maalumu: sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56, wakati ya Marekani kwenye barabara kuu za shirikisho ni pauni 80,000, karibu tani 36. Ajabu yake ni kwamba dereva aliyelishusha hilo la tani 56 salama kwa miaka kumi akifika Marekani ni mwanagenzi kama wengine. Leseni za biashara zinazotambuliwa kutoka nje ni za Kanada na Meksiko peke yake. Atakaa darasani na kijana aliyekuwa akiuza viatu mwezi uliopita, na bima itawaona sawa.

Mgeni wa kuhamia ana mambo mawili zaidi ambayo mwenyeji hana. La kwanza ni lugha. Kanuni inayomtaka dereva asome na kuzungumza Kiingereza cha kutosha kuelewa alama za barabarani, kumjibu askari na kujaza taarifa ni ya miaka mingi, lakini tangu 2016 wakaguzi walielekezwa wasimsimamishe mtu kwa sababu hiyo. Amri ya Rais ya Aprili 2025 iligeuza mwelekeo, na tangu tarehe 25 Juni 2025 anayeshindwa mahojiano kando ya barabara anasimamishwa papo hapo, lori likibaki kumngoja dereva mwingine. La pili ni karatasi. Raia na wenye ukaazi wa kudumu hupata leseni ya kawaida. Wenye vibali vya muda walikuwa wakipata aina nyingine, na Septemba 2025 serikali ilitoa kanuni ya dharura iliyoibana aina hiyo kwa wenye viza chache tu za kazi. Novemba mwaka huo mahakama ikaisimamisha kwa muda. Mwenye kibali cha muda aelewe kwamba shule itapokea karo yake leo bila kujali sheria itasemaje kesho. Kuuliza ofisi ya leseni ya jimbo kabla ya kulipa ni kazi yake, maana shule haina sababu ya kumuulizia.

Je, basi mtu asiende? Aende. Mwaka 2023 dereva wa kipato cha kati wa malori makubwa Marekani alipata dola 54,320, kipato ambacho mtu asiye na shahada na mwenye lafudhi nzito hakipati kwa urahisi kwingine, na waliovuka mwaka wa kwanza na kuhamia kampuni za mkoa au za kurudi nyumbani kila siku huishi vizuri. Ninachopinga ni kuichagua shule kwa wepesi wake. Vyuo vya umma vya jamii huchukua wiki nyingi zaidi, na katika majimbo mengi ofisi za ajira hutoa ruzuku chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 2014 kuhusu nguvukazi, ruzuku ambayo haimfungi mtu kwa mwajiri yeyote. Wakimbizi waliopokewa rasmi wanaweza kuiomba. Inataka subira na makaratasi, na huwezi kuanza Jumatatu ijayo kama matangazo yanavyoahidi, lakini mwisho wake ni leseni isiyo na deni, na mwenye leseni isiyo na deni anaweza kumwacha mkufunzi mbaya au kampuni isiyompa maili.

Anayeona lazima apitie kampuni, asipande basi la kwenda shuleni kabla ya kuuona mkataba. Auombe utumwe nyumbani, ausome na mtu anayejua Kiingereza cha kisheria, na aulize kwa maandishi: wanafunzi wangapi kwa lori moja, saa ngapi kwenye usukani kwa kila mmoja, mkufunzi wa barabarani ana miaka mingapi kazini, deni linapungua kila mwezi au linabaki lilelile hadi siku ya mwisho, na malipo ya wiki za mafunzo ni kiasi gani. Shule yenye majibu itayatoa siku hiyohiyo. Na orodha ya serikali ya watoa mafunzo, pamoja na mabadiliko yake yote, iko wazi kwenye mtandao. Kuitazama hakuna malipo.